Kaka Aliyeingia Kwenye Lifti

Nyinyi vijana mnaoeleza muvi kwenye simu, dakika moja na nusu, mmevaa kofia ndani ya nyumba na mikono inapepea kama mnafukuza nzi, nawasikiliza. Binti yangu hunifungulia, halafu ananitazama usoni aone kama nitacheka. Huwa nacheka, ila si pale mnapotaka.

Naitwa Apua. Kwa miaka ishirini na kitu nilisimama kando ya skrini katika vibanda vya video, Kakuma na Lodwar, nikienda na kurudi, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili yale ambayo Mchina, Mhindi na Mmarekani walikuwa wanaambiana. Mkono wa kulia maiki, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha kupunguza sauti ya muvi. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Nimestaafu kwa sababu koo limekataa, na kwa sababu siku hizi mtu akipata bando anajifungia na simu yake, anacheka peke yake kama mgonjwa.

Basi tuanze na koo, maana nawaona mkinywa soda huku mnaongea. Soda inaleta mbweu, na mbweu ikipita kwenye spika kubwa watu hawasikii tena habari ya mapenzi. Chai ya maziwa ni mbaya zaidi. Kunywa maji ya uvuguvugu, yatosha. Maiki ikae chini ya kidevu, la sivyo kila "p" inalipuka na watu wanadhani vita vimeanza kabla ya wakati. Na steringi akianza kupigana, nyamaza. Nyinyi mnapiga kelele, "Boom! Akampiga teke!" Tumeona amempiga teke. Tuna macho.

Tena muvi hutazamwa mara tatu kabla ya kuwafungulia watu. Mara ya kwanza tazama nyuso, ujue nani ni nani. Mara ya pili tazama mikono, ujue nani ameficha nini. Mara ya tatu funga macho usikilize. Aliyenifundisha haya ni Baba Furaha, Mkongo wa Uvira, mwenye kibanda cha video pale Kakuma upande wa kambi ya wakimbizi. Mimi nilikuwa muuza chai mlangoni kwake. Siku moja malaria ilimlaza, watu wamejaa ndani, nikaingia nikashika maiki kwa sababu muvi ile nilikuwa nimeisikia nje ya mlango mara tisa. Aliponiona naweza, hakunirudisha kwenye chai.

Na nisijifanye sikukosea. Kuna wakati Lodwar flashi ilichelewa kwenye basi, ikafika watu wameshakaa. Nikaifungua bila kuitazama. Dakika ya kumi steringi akaanguka mtoni. Nikasema kwa huzuni, "Amekufa, Mungu amlaze pema." Wamama wakasikitika. Dakika ya kumi na tano huyo anatoka majini anajikung'uta. Mimi haraka, "Huyu ni pacha wake!" Ikabidi awe pacha saa nzima. Kisha mke wa marehemu akamkumbatia pacha, na kibanda kikachafuka.

"Huyo mwanamke hana haya! Bwana bado hajakauka!"

Nikamtetea. Nikasema mila ya kwao inaruhusu ndugu kurithi mjane. Mzee mmoja pale mbele akasema hata sisi tunarithi, lakini je, ng'ombe walitolewa? Nikasema walitolewa. Wangapi? Nikataja idadi. Akasema wachache.

Baba Furaha alipopata habari alicheka hadi akashika mbavu. "Mwanangu, umedanganya muzuri sana," aliniambia. "Ukishasema ni pacha, ni pacha mpaka mwisho. Ujue maiki haisemake 'sijui.'"

Hilo la mwisho nililishika miaka yote hiyo kama amri ya kanisani. Sasa niwaambie lilikonifikisha.

Si zamani. Wengi wenu mlikuwa na simu tayari. Nilikuwa nimerudi Kakuma kwa Baba Furaha, ambaye wakati huo sauti yake ilikuwa imekwisha, akikaa nyuma karibu na jenereta akinisikiliza. Akaja kijana wa ofisi fulani inayoshughulikia vijana, jina lake Kelvin, mtu wa Nairobi, fulana ya mifuko kumi na miwili na ndani ya mifuko hamna kitu. Alikuwa na flashi.

"Madam Apua," akasema, "hii itawafungua vijana wetu macho kuhusu teknolojia. Iko na sehemu kumi na mbili. Ni mji wa miaka mia ijayo."

Nikaiwasha kidogo. "Hii ni katuni."

"Si katuni. Ni anime ya Japani."

"Watu wamechorwa?"

"Wamechorwa, lakini..."

"Basi ni katuni, mwanangu."

Hata hivyo niliipeleka nyumbani nikaitazama mara tatu kama nilivyofundishwa. Mara ya kwanza, nasema kweli, nilisahau kufunga mdomo. Mji mzima umewaka, rangi ya waridi na buluu, na mvua inanyesha siku zote, na kila dimbwi lina mataa ndani yake. Kuna msichana mwenye mkono wa fedha, na kila kidole kinapokunjwa unaona skrubu yake ndogo ikizunguka. Makoti yao! Hata adui wa kupigwa risasi mara moja alikuwa na koti ambalo mbunge angeliomba.

Mara ya pili nikatazama mikono. Shida ikaanza hapo. Sehemu ya pili msichana anapewa ufunguo, kamera inausogelea ufunguo mpaka unajaza skrini, muziki unalia. Ufunguo huo haukufungua kitu mpaka mwisho. Mara ya tatu nikafunga macho nisikilize, na nikalala.

Mtu aliyechora mvua ile alikuwa fundi. Aliyeandika hadithi sijui alikuwa wapi. Labda alitumwa dukani.

Hadithi yenyewe, ile iliyokuwepo, ni hii. Katika mji huo kila mtu ana kumbukumbu zake kwenye laini ndogo nyuma ya shingo, kama laini ya simu. Msichana ameibiwa yake. Hajui alikotoka. Jina lake la Kijapani lilikuwa gumu kwa kibanda chetu, kwa hiyo nilimwita Nakiru, kama sisi Waturkana tunavyomwita msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Ana kaka yake mkubwa, huyo nikamwita Ekai. Sehemu tatu za kwanza Ekai anambeba dadake mgongoni, maji yanafika kiunoni, wanakimbia askari. Mwisho wa sehemu ya tatu wanafika chini ya ghorofa kubwa. Ekai anamweka Nakiru kando ya lifti, anamwambia, "Ningoje hapa, naja sasa hivi," anaingia, mlango unajifunga.

Sehemu ya nne hayupo. Ya tano hayupo. Na si kwamba wanamtafuta. Hakuna anayemtaja! Dada yake mwenyewe, aliyebebwa mgongoni mafuriko yote yale, sehemu ya nne anaanza akila tambi.

Nikampelekea Baba Furaha malalamiko. Akainua mabega. "Weka kitu hapo. Wewe ni fundi."

Tulikuwa tunafungua saa tisa alasiri, sehemu moja kila siku. Mabati juu, magunia madirishani, joto la kuivisha mkate. Vijana walikaa mbele. Pembeni alikaa mzee mfugaji aliyekuja na kigoda chake, kwa sababu mabenchi yetu hakuyaamini. Siku ya kwanza tu aliinua fimbo kama mtu aliye darasani, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Mvua yote hiyo, na majani hakuna? Mbuzi wanakula nini?"

"Hawana mbuzi, mzee."

"Aa," akasema. "Ndio maana wako hivyo."

Siku ya pili aliingia mwanamke aliyeitwa Achol, Msudani Kusini, anayeuza kisra kando ya barabara, ile mikate yao myembamba kama karatasi. Alikaa ukutani, mabeseni matupu miguuni. Siku ya tatu alikuja tena, na Ekai alipoingia kwenye lifti nilimwona anajisogeza mbele kidogo.

Siku ya nne ni ile sehemu ya tambi, na baada ya tambi ni pikipiki. Nakiru anaendesha pikipiki nyekundu kwenye mvua. Anaendesha. Anakata kona. Anaendesha tena. Mwenye kazi hii anajua, pikipiki haina maneno. Kibanda kikatulia, na kwenye utulivu huo Achol akauliza kutoka ukutani, "Na kaka? Ule wa lift?"

"Anakuja," nikasema kwenye maiki.

Pikipiki ikaendelea.

"Kaka iko wapi?"

Vijana nao wakadakia. "Kweli, Ekai ako wapi? Mbona hamchukui?" Sasa nyuma ya pikipiki palikuwa na lile ghorofa kubwa, na juu kabisa taa moja ilikuwa inawaka na kuzima, kama taa zote za mji ule zinavyofanya bila sababu. Nikaishika taa hiyo.

"Mnaiona ile taa? Ni Ekai! Amefungwa ghorofa ya tisini. Anamwashia dadake ishara kwamba yuko hai!"

Kibanda kizima kikavuta pumzi. Achol akafunika mdomo kwa kiganja. Nami nikajiona mjanja sana, nikageuka kumtazama Baba Furaha, naye akaninyooshea dole gumba.

Tangu hapo nilikuwa na mfungwa wa kumlisha. Sehemu ya tano ni mzee mmoja ameketi, anaeleza jinsi laini za shingoni zinavyofanya kazi, dakika ishirini, hata kikombe hakiinui. Nilimgeuza. Nikasema huyo ni mlinzi wa zamani wa gereza, anamsimulia Nakiru kwamba Ekai amekonda lakini anakula, na kila asubuhi anamuulizia. Sehemu ya sita, sijui kulitokea nini huko Japani, mvua ikakatika ghafla na watu wote wakaenda kuogelea. Steringi, adui, askari, wote, na nguo za kuogelea zenye ukubwa wa leso. Yule mzee alibeba kigoda chake akatoka nje. Mimi nikasema hayo ni mazungumzo ya amani ili Ekai aachiliwe, na hata kwetu mazungumzo ya amani hufanyika hotelini penye bwawa. Watu wakacheka, wakakubali, kwa sababu ni kweli.

Achol akaanza kuja na wenzake wa sokoni. Kufikia siku ya saba walikuwa wamejaza mabenchi mawili, na yule mzee alikuwa amerudi. Kelvin alikuja na kamera, akafurahi mno. Hakuwa ameona wamama wengi hivyo kwenye shughuli ya teknolojia. Akamwinamia mmoja akamuuliza, "Mama, mmejifunza nini hapa?"

"Kaka iko ghorofa ya tisini," mama akamjibu.

Kelvin akaandika.

Sehemu ya nane. Nyinyi mnaotazama hizi katuni mnaijua tabia hii, mimi sikuielewa mpaka niliposimuliwa. Pesa au muda ukiwaishia, wanachukua sehemu zilizopita, wanazikata vipande, wanazipika upya, wanasema ni sehemu mpya. Niliitazama nyumbani nikaidharau, nikapita haraka. Huo ndio uvivu ninaoujutia mpaka leo. Sikufikiria nani alikuwa kwenye vipande hivyo.

Siku hiyo katikati ya picha, ghafla, maji mpaka kiunoni, na Ekai amembeba dadake.

Achol alisimama. "Amerudi! Amerudi! Kalas, amerudi!"

Wenzake wakapiga vigelegele. Mmoja alimkumbatia. Nikatafuta neno, lolote, la kusema kwamba hii ni ya zamani, na kabla sijalipata, Ekai akamweka Nakiru chini kando ya lifti, akamwambia angoje, akaingia. Mlango ukajifunga mara ya pili.

"Hii ni marudio tu," kijana mmoja akasema mbele. "Wameturudishia."

Achol akaketi polepole, mkono bado uko begani kwa mwenzake. Mimi nilikuwa na maiki mkononi na sikusema kitu dakika tano nzima, na walionijua walijua hiyo haijawahi kutokea.

Watu walipotoka Baba Furaha aliniita. "Unajua habari ya ule mama?"

"Habari gani?"

"Wakati walikimbiaka kwao, kaka yake alimuacha njiani, akaenda kutafuta maji. Akamuambia, 'Ungoje hapa.' Alingoja. Kaka hakurudia. Mpaka leo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilizani unajua. Kambi yote inajua."

Mimi nilikuwa nimepita kwenye beseni lake miaka mingapi? Najua bei ya kila kitu pale barabarani na sikujua hilo. Nikaenda nyumbani nikazitazama tena sehemu zilizobaki, ya tisa hadi ya kumi na mbili, mara tatu, kisha mara ya nne, nikitafuta hata kivuli cha kijana yule. Sikupata. Sehemu ya tisa wameleta adui mpya ambaye hatukumwomba. Ya kumi na moja wanaanza kulia kwa mambo ambayo hatukuonyeshwa. Ya kumi na mbili Nakiru anageuka kuwa mwanga, mji unapasuka vipandevipande taratibu kama kioo, kila kipande na taa zake, ni maridadi ajabu, wimbo unaimbwa, kwisha. Ekai bado yuko kwenye lifti.

Kitu kimoja tu. Karibu na mwisho, watu wanakimbia barabarani, na kuna mwanaume wa koti la njano anapita. Unaona mgongo wake sekunde mbili.

"Ule wa koti ya manjano," Baba Furaha akasema nilipomwonyesha. "Sema ni yeye. Ametoroka. Sekunde mbili zinatosha."

"Na baada ya sekunde mbili?"

"Muvi imeisha. Nani atakuuliza?"

Siku tatu zilizofuata nilimtaja Ekai kidogo tu, na kwa sauti ndogo. Achol hakuuliza tena. Alikuja, akaketi ukutani, akatazama. Kama angeuliza ingekuwa rahisi kwangu.

Siku ya mwisho watu walijaa mpaka mlangoni. Kelvin amesimama juu ya kreti na kamera yake. Mji ukaanza kupasuka, watu wakakimbia barabarani, na pale pembeni nikaona koti la njano linaingia. Nikavuta pumzi niseme. Nikageuka nimtazame Achol, na yeye hakuwa anatazama skrini. Alikuwa ananitazama mimi.

Koti likapita. Sikusema.

Nakiru akawa mwanga, wimbo ukaimbwa, majina ya Wajapani yakapanda juu, mengi sana. Watu mia mbili, na hata mmoja hakukumbuka kuuliza kijana ameenda wapi.

"Na Ekai?" vijana wakaita.

"Kijana wa lifti yuko wapi?" Yule mzee wa kigoda.

Nikaleta maiki kidevuni. "Sijui."

Nyuso zote zikageuka kwangu.

"Sijui, kwa sababu hawakusema," nikaendelea. "Tangu sehemu ya nne hakuna aliyemtaja. Ile taa ilikuwa taa tu. Ghorofa ya tisini niliitunga mimi. Mlinzi niliyesema ni mlinzi alikuwa anaongea mambo ya laini. Waliotengeneza hii kitu walimwingiza kwenye lifti wakamsahau, nami nikaona aibu kuwaambia."

Hamjawahi kusikia kelele kama zile. "Umetuchezea siku nane!" "Na mazungumzo ya amani je?" "Walikuwa wanaoga tu?" Kandambili moja ilinipita sikioni. Yule mzee alisimama juu ya kigoda chake akapaza sauti, "Watu wako na mikono ya chuma, na hawawezi kuhesabu watoto wao!" Nadhani huo ndio uchambuzi bora wa katuni ile, na sijasikia mwingine wa kuupita, hata kutoka kwenu. Kelvin alikuwa anasema, "Tafadhali, tafadhali, turudi kwa teknolojia," hakuna aliyemsikia.

Kisha wakaanza kunyamaza, kuanzia nyuma, kwa sababu Achol alikuwa anapita katikati ya mabenchi kuja mbele. Nilijua atanipiga kofi, na niliona ni haki yake. Alipofika akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikampa maiki.

Aliiweka mdomoni kabisa, ikalipuka. Akaisogeza.

"Mimi Achol. Nauza kisra, mnanijua." Akageukia mabenchi. "Ule kijana alipanda lift. Huko juu hakuna mtu. Lift ikaharibika. Akashuka na ngazi, ngazi mingi sana, mpaka miguu ikafura. Akafika chini, dada hayuko. Watu walikuja na lori, wakabeba dada. Dada alikataa, wakambeba kwa nguvu. Alikuwa amengoja siku tatu. Si makosa ya dada. Si makosa ya kaka pia."

Akahamishia maiki mkono mwingine.

"Kaka akatafuta. Akauliza kila mahali. Wakamwambia panga foleni, akapanga. Wakamwambia kuja Jumatatu, akakuja Jumatatu. Sasa anaishi mahali ingine, mbali. Kuna maji huko."

Msichana mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Ameoa?"

Achol akafikiri. "Ameoa. Bibi yake iko mkali kidogo."

Watu wakacheka, nao wamama wa sokoni wakacheka huku wanajifuta macho.

"Watoto?"

"Watatu. Msichana wa kwanza wamempa jina ya shangazi yake."

Yule mzee akauliza kama kijana alipata mifugo. Achol akamwambia mbuzi ishirini. Mzee akaketi, ameridhika. Achol akanirudishia maiki, akasema, "Kalas, imekwisha," akaenda kuchukua mabeseni yake. Makofi waliyopiga sikuwahi kupigiwa mimi hata siku moja, na nilikuwa hodari.

Kelvin alinifuata pale mbele na daftari, jasho linamtiririka. "Sasa Madam, ripoti niandike nini? Vijana wamejifunza teknolojia gani?"

"Andika lifti," nikamwambia.

Nilimkuta Achol nje, juani, akipanga mabeseni moja ndani ya jingine. Nikachuchumaa karibu naye.

"Dada Achol, nilikudanganya. Unisamehe."

"Nilijua."

"Tangu leo?"

"Tangu ile siku ya taa." Alikuwa anafunga kitambaa, hakuinua uso. "Mimi nakaa miaka mingi nikisikiliza kama kuna mtu anataja kaka yangu. Kwenye hiyo muvi hakuna mtu alitaja ule kijana. Mdomo yao ilikuwa inasema mambo ingine. Naona."

"Mbona uliendelea kuja, basi?"

Sasa akanitazama. "Watu wote wale na mataa yao, hakuna mtu alikuwa anamuulizia. Ni wewe tu. Kila siku saa tisa, unamuulizia."

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nimelipwa maisha yangu yote kusema vitu vizuri kwa haraka. Badala yake nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza miaka mingi kabla, nikiwa napita pale na kikapu changu.

"Kaka yako anaitwa nani?"

"Majok."

"Majok," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kwamba nimelitamka sawa, akainua mabeseni yake kichwani.